Montessori au chekechea ya kawaida? Maswali ya wazazi wanaomtafutia shule mtoto wa miaka 3 hadi 6

Ukurasa huu ni wa mzazi au mlezi anayemtafutia shule mtoto mdogo nchini Tanzania. Mambo ya usajili na mitihani ni ya Tanzania. Ya Kenya yana swali lake karibu na mwisho. Mengine yanahusu chumba cha darasa na kilichomo ndani, na hayo hayabadiliki kwa kuvuka mpaka.

Tofauti yenyewe ni ipi hasa?

Katika chekechea ya kawaida mwalimu hufundisha darasa zima jambo moja kwa wakati mmoja. Watoto wana umri unaokaribiana, wanakaa kwenye meza zao, wanaimba silabi pamoja na kunakili kutoka ubaoni. Kipindi kikiisha, madaftari ya hesabu yanakusanywa na ya kusoma yanagawiwa, hata kama kuna mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuelewa.

Katika darasa la Montessori watoto wa miaka 3, 4, 5 na wanaoelekea 6 wako chumba kimoja. Vifaa vimepangwa kwenye rafu za wazi, kimo cha mtoto, na kwa kawaida kila kifaa kiko kimoja tu. Mwalimu humwonyesha mtoto mmoja, au wawili watatu, namna ya kukitumia, kisha huwaachia. Kuanzia hapo mtoto hukichukua mwenyewe, hutandika mkeka mdogo sakafuni, hufanya kazi mpaka atosheke, halafu hukirudisha mahali pake kikiwa kamili. Anayekitaka wakati huo husubiri. Muda wa kazi asubuhi ni saa tatu mfululizo bila kengele, kwa sababu watoto wengi hufikia kazi yao nzito saa ya pili, baada ya kuhangaika na vitu vyepesi kwanza.

Kwa hiyo jambo la kuuliza ni hili: nani anaamua mtoto atafanya nini saa nne asubuhi, na ataachwa nalo kwa muda gani?

Montessori si ya watoto wa matajiri?

Haikuanza hivyo. Maria Montessori alikuwa daktari wa Italia (1870–1952). Kabla ya kugusa chekechea alifanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili mjini Roma, na nyumba ya kwanza ya watoto aliifungua tarehe 6 Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini, ambako wazazi walishinda kazini na watoto walibaki wakizurura kwenye majengo. Hapa kwetu masista wa Kikatoliki wamefanya kazi kubwa ya kufungua vituo vya Montessori na kufundisha walimu wake, vikiwemo vituo vya parokia ambavyo ada yake haifanani kabisa na ya shule za kimataifa za Dar es Salaam au Arusha. Bei inategemea nani anamiliki shule na iko wapi. Njia yenyewe haina bei.

Bango limeandikwa "Montessori". Nitajuaje kama ni kweli?

Bango halikuambii chochote. Jina hilo halina mwenye hakimiliki. Mtu yeyote anaweza kulipaka ukutani na kuandikisha watoto Jumatatu. Zipo shule nyingi zenye jina hilo ambazo ndani mna madawati, ubao na mwalimu mwenye fimbo, na zipo chekechea zisizo na jina lolote ambazo mtoto anafundishwa kwa mikono yake. Njia ya pekee ya kujua ni kwenda kukaa darasani kwa saa moja, asubuhi, siku ya kawaida ya masomo. Siku ya wazazi haifai, kwa sababu siku hiyo kila kitu kimeandaliwa. Shule ikikataa kabisa mzazi asiketi hata nusu saa pembeni, tafuta nyingine.

Ukiwa ndani, angalia haya kwa mpangilio huu.

Kwanza umri. Kama watoto wa miaka 3 wako chumba chao na wa miaka 5 chao, sehemu kubwa ya njia imeshapotea. Mdogo hujifunza kwa kumtazama mkubwa, na mkubwa huimarika kwa kumwelekeza mdogo.

Pili rafu. Gusa vifaa. Vikiwa na vumbi, vimefungiwa kabatini au vimepangwa juu asikofikia mtoto, ni mapambo ya kuwavutia wazazi. Tafuta mnara wa waridi: lazima uwe na vipande 10 vya mchemraba, kuanzia wa sentimita 1 kila upande hadi wa sentimita 10. Kile kidogo kabisa ndicho hupotea kwanza, na kikipotea bila kutengenezewa kingine ujue hakuna anayefuatilia. Kisha tafuta kisanduku cha vijiti vya kuhesabia. Kina vyumba vya 0 hadi 9 na vijiti 45, si zaidi wala pungufu. Mtoto akiweka vijiti 6 kwenye chumba cha 5, mwishoni chumba cha 9 kitapungukiwa, na atajua mwenyewe kwamba amekosea mahali fulani. Kikibaki na vijiti 43, kila mtoto anayehesabu sawasawa anaambiwa na kifaa kwamba amekosea. Hapo somo limeharibika, na mwalimu asiyeliona hilo hajakaa karibu na watoto.

Tatu mwalimu. Sauti yake isifike upande wa pili wa chumba. Anakaa chini, karibu na mtoto, maneno machache, mikono taratibu. Muulize alisomea Montessori wapi na kwa muda gani. Mafunzo kamili huchukua mwaka mmoja au zaidi na huwa na wiki nyingi za mazoezi darasani, kwa hiyo cheti cha semina ya siku tano hakitoshi kuongoza darasa. Muulize pia kama yeye ndiye atakayekuwa na watoto kila siku. Shule nyingine zina mwalimu mmoja aliyesomea anayetajwa kwenye kila kipeperushi, huku darasani wakiwa wasaidizi.

Nne watoto. Usitarajie kimya cha kanisani. Mnong'ono, viti kusogezwa, mmoja anapita na beseni la maji: hiyo ni afya. Watoto wanaokimbizana huku vifaa vimetawanyika ni dalili kwamba wameachwa bila kuelekezwa. Na watoto wote 30 wakifanya kazi moja kwa pamoja saa tatu asubuhi, uko kwenye shule ya kawaida iliyonunua vifaa vya Montessori.

Shule ya kawaida iliyo nzuri inafananaje?

Swali hili halipewi uzito unaostahili, na wengi huchagua Montessori dhaifu kwa kuikimbia shule ya kawaida ambayo ingemfaa mtoto vizuri zaidi.

Chekechea nzuri ya kawaida ina watoto wasiozidi 25 kwa mwalimu mmoja, kiwango kinachotajwa kwa elimu ya awali Tanzania. Ina zana za kushika: vizibo, mbegu, vijiti, picha, vitabu vya hadithi ambavyo kurasa zake zimechakaa kwa kusomwa. Mwalimu anasimulia hadithi kila siku na anauliza maswali yasiyo na jibu moja. Watoto wanatoka nje zaidi ya mara moja. Madaftari ya mtoto wa miaka 4 hayajajaa mistari ya "a a a a" kurasa nne kwa siku. Anayekosea hasimamishwi mbele ya wenzake.

Ukiipata hiyo karibu na nyumbani, na Montessori unayoifikiria ni ya bango tu, mpeleke hapo bila kusita. Mwalimu mzuri wa njia ya kawaida anamfaa mtoto kuliko mwalimu mbovu mwenye vifaa vya bei kubwa.

Vile vifaa vya mbao vinafundisha nini? Si wanacheza tu?

Kila kifaa kimetenga ugumu mmoja. Vipande vyote vya mnara wa waridi vina rangi moja na umbo moja. Kinachobadilika ni ukubwa, basi jicho halina pa kukimbilia. Silinda zenye vishikio, 10 kwa kila kipande cha mbao, hushikwa kwa vidole vitatu, na vidole hivyo vitatu ndivyo vitakavyoshika penseli baadaye. Fimbo za rangi mbili, fupi sentimita 10 na ndefu mita 1, humfanya mtoto aone kwamba 7 ni kitu kizima kirefu kuliko 6. Haibaki kuwa neno analolitamka baada ya sita.

Kwa hesabu, vifaa vyenye nguvu zaidi ni shanga za dhahabu. Ushanga mmoja ni moja. Shanga 10 kwenye waya ni kumi. Waya 10 zikiunganishwa hufanya mraba wa mia. Miraba 10 hufanya mchemraba wa elfu, na mchemraba huo ni mzito mkononi. Mtoto wa miaka 5 anaweza kuleta elfu mbili, mia tatu, arobaini na sita kwenye sinia, mwenzake akaleta namba nyingine, wakachanganya na kuhesabu upya. Shanga za moja zikifika 10 wanakwenda kuzibadilisha kwa waya mmoja wa kumi. Atakapofundishwa Darasa la Pili kwamba "unaandika sita, unabeba moja", atakuwa amewahi kuibeba ile moja kwa mikono yake.

Kumimina maji, kufagia, kufunga vifungo na kukunja vitambaa nako kuna sababu. Mtoto anayefuata hatua nane za kuosha meza bila kuruka hata moja anajenga umakini atakaouhitaji kusoma sentensi ndefu. Wazazi huona kazi hizi ni za nyumbani na kuuliza wanalipia nini. Wanalipia hicho.

Atajua kusoma na kuandika kwa wakati?

Kwa Kiswahili, ndiyo, mara nyingi mapema. Lugha yetu inaandikwa inavyotamkwa: vokali tano hazibadiliki, na mtoto akishajua sauti za herufi anaweza kuandika karibu neno lolote analolisikia. Montessori inaanza na herufi za msasa. Mtoto hupitisha vidole viwili juu ya m huku akitamka "mmm", na mkono unajifunza umbo kabla ya penseli. Kisha anatumia herufi za kukata, za mbao au plastiki, kujenga "paka", "mama", "embe" juu ya mkeka. Mtoto hutunga maneno hivyo miezi kadhaa kabla ya kuyasoma, na mzazi asiyejua hilo hulalamika: "Anaandika lakini hasomi." Mvumilie, ndio mfuatano wenyewe.

Kuna tatizo moja la kwetu. Seti nyingi za herufi zinazouzwa zimetengenezwa kwa Kiingereza. Zina q na x tusizozihitaji, na hazina kadi za ch, dh, gh, kh, ng', ny, sh na th. Mwulize mwalimu akuonyeshe "ny" na "ng'" zake. Mwalimu aliyefikiria Kiswahili atakuwa amezitengeneza kwa mkono. Asiyekuwa nazo atamwacha mtoto akisoma "nyumba" kama n-yumba.

Vipi kama shule inafundisha kwa Kiingereza?

Shule nyingi binafsi hufanya hivyo. Shida inakuja herufi zinapofundishwa kwa majina ya Kiingereza, "ei, bi, si", huku nyumbani dada au bibi akimfundisha "a, ba, cha". Mtoto wa miaka 4 anabaki na majibu mawili kwa alama moja. Kubalianeni na mwalimu: sauti kwanza, majina ya herufi baadaye, lugha moja ianze kusomwa kabla ya nyingine. Kama mtoto anaongea Kiswahili nyumbani, Kiswahili ndicho kianze, kwa sababu atalitambua neno pindi tu anapolisoma. Akishafungua mlango wa kusoma, Kiingereza kitapita humohumo.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuata watoto 588 walioomba nafasi kwenye shule 24 za umma za Montessori. Nafasi zilitolewa kwa bahati nasibu, jambo linalosaidia kwa sababu waliopata na waliokosa wanatoka kwenye familia za namna moja. Watoto walianza wakiwa na miaka 3, na kufikia mwisho wa chekechea waliopata nafasi walikuwa mbele katika kusoma, kumbukumbu na uwezo wa kujizuia na kupanga.

Utafiti wa Ufaransa wa 2021 uliofanyika kwenye chekechea ya umma katika mtaa wa kipato cha chini ulikuta faida kwenye kusoma, lakini kwenye hesabu na kujizuia watoto wa Montessori na wenzao walikuwa sawa. Na utafiti mwingine wa Marekani wa 2012 unatuhusu kuliko yote: madarasa yaliyotumia vifaa vya Montessori peke yake yaliwafikisha watoto mbali kuliko yale yaliyochanganya na karatasi za mazoezi na midoli ya dukani. Ule mtindo wa "tunatumia Montessori pamoja na mtaala mwingine", unaopendwa sana na shule zetu, ndio uliopunguza faida.

Ongeza nafasi ya mzazi mwenyewe. Hakuna darasa linalomfidia mtoto ambaye nyumbani hasemeshwi wala hasimuliwi.

Akifika Darasa la Kwanza la kawaida hatapata shida?

Atakuwa na wiki chache za ugeni, na sehemu kubwa unaweza kuiandaa. Vinavyomsumbua mtoto wa Montessori si hesabu wala kusoma. Ni mambo manne: kunakili kutoka ubaoni, kukaa kipindi kizima akifanya kazi aliyopangiwa, kuomba ruhusa ya kila kitu, na kujibu maswali ya karatasi kama kuoanisha na kujaza nafasi. Mtoto anayejua kujumlisha maelfu kwa shanga anaweza kupata sifuri kwenye karatasi ya "oanisha", kwa sababu hajawahi kuona mistari inayovuka ukurasa.

Uandikishaji wa Darasa la Kwanza huanza kuelekea mwisho wa mwaka kwa ajili ya Januari. Kwa hiyo anza Oktoba. Nunua daftari la mistari mipana na la miraba. Dakika 15 kwa siku, si zaidi: siku moja andika sentensi fupi kwenye karatasi kubwa, ibandike ukutani mita mbili kutoka anapokaa, anakili, siku inayofuata mpe kazi ya kuoanisha au kujaza nafasi. Ukimwona anakaribia ukutani kila mara ili aone, mpeleke akapimwe macho. Darasa la Montessori halina ubao wa mbali, kwa hiyo tatizo la macho linaweza kujificha humo miaka mitatu. Mwezi Desemba mwelezee kwamba shule mpya mwalimu ndiye atakayesema ni kazi gani, na kwamba kwenda chooni ataomba.

Shule binafsi nyingi zina usaili wa maandishi. Uliza mapema usaili una sehemu gani na kwa lugha ipi.

Darasa la watoto 80 ni habari nyingine. Huko mtoto aliyezoea kuamua mwenyewe anaweza kumaliza haraka, akachoka, akaanza kusumbua. Onana na mwalimu wiki ya kwanza, kwa heshima, umwambie kwamba mtoto amezoea kusaidia wadogo na kupanga vitu. Walimu wengi hufurahi kupata mtoto wa kugawa madaftari.

Kwa nini nisimwache Montessori hadi mwisho wa msingi?

Njia yenyewe inaendelea, miaka 6 hadi 9 na 9 hadi 12, lakini madarasa hayo ni machache Tanzania na mengi hubadilika yanapokaribia upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne unaosimamiwa na Baraza la Mitihani. Mtoto lazima aufanye. Muulize mkuu wa shule wazi: kuanzia darasa gani mnaanza mazoezi ya mitihani, na mnatumia saa ngapi kwa wiki? Jibu la "hatufanyi kabisa" linatia wasiwasi sawa na la "kuanzia Darasa la Kwanza".

Aanze lini, na akae muda gani?

Aanze akiwa na miaka 3 au muda mfupi baadaye, akae miaka mitatu. Mwaka wa tatu ndio wa mavuno: ndipo anaposoma kwa ufasaha, anapofanya hesabu za maelfu na kuwa mkubwa wa darasa. Wazazi wengi humtoa mtoto mwisho wa mwaka wa pili ili "aende shule ya kweli". Wamelipia miaka miwili ya maandalizi, kisha wameondoka kabla ya kile kilichokuwa kinaandaliwa.

Kama una fedha za mwaka mmoja tu, weka nguvu kwenye chekechea nzuri ya kawaida na yale ya kufanya nyumbani yaliyo hapa chini. Mtoto anayeingia Montessori kwa mara ya kwanza na miaka 5 na nusu, atoke baada ya miezi sita, atapata kidogo sana.

Gharama nihesabu vipi?

Shule za Serikali, kuanzia awali, hazitozi ada. Shule binafsi, iwe ya Montessori au ya kawaida, iulize jumla ya mwaka na uandike mbele yao: ada, fomu, chakula, basi la shule, sare, rimu za karatasi, mchango wa vifaa, safari, mahafali. Zidisha kwa miaka utakayokaa. Halafu piga hesabu ya basi kwa muda pia. Mtoto wa miaka 3 anayepandishwa basi saa kumi na moja na nusu alfajiri ili afike shule bora upande wa pili wa jiji atasinzia saa tatu, wakati kazi ndiyo inakolea. Safari inayozidi nusu saa inakula faida uliyoilipia.

Nikague nini kwenye usajili?

Shule ya awali husajiliwa na Kamishna wa Elimu chini ya Sheria ya Elimu. Kituo cha kulelea watoto mchana husajiliwa upande wa Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Vituo vingi vyenye jina la Montessori vinapokea watoto tangu miaka 2 na vina usajili wa kulea tu. Si kosa kwa mtoto wa miaka 3. Lakini mwaka wa awali, mtoto akiwa na miaka 5, awe kwenye shule yenye usajili wa awali. Omba kuona cheti na namba, soma jina lililoandikwa humo, na ulilinganishe na la kwenye risiti ya benki.

Nidhamu inakuwaje bila fimbo?

Darasa la Montessori lina sheria nyingi kuliko linavyoonekana: hugusi kazi ya mwenzako, huruki mkeka wake, unarudisha ulichochukua, unasubiri. Anayevunja huondolewa kwenye kazi ile na kukaa karibu na mwalimu mpaka atulie. Inafanya kazi pale mwalimu anaporudia jambo lilelile kila siku bila kuchoka. Mwalimu wa kubadilishwa kila muhula huivunja.

Kwa shule ya kawaida, fahamu kwamba kanuni za 2002 nchini Tanzania humruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini, kutoa viboko visivyozidi vinne, na lazima viandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa awali anayetembea na fimbo mkononi akisahihisha madaftari hana ruhusa hiyo. Ukimwona, umeshapata jibu lako kuhusu shule hiyo.

Kuna mtoto asiyefaa Montessori?

Tabia peke yake haimtoi mtoto. Mpole, mtundu, mwenye aibu, wote huweza. Anayehitaji kufikiriwa zaidi ni mtoto anayechanganyikiwa sana kwenye chumba chenye mambo mengi, au aliyechelewa kuongea na anayehitaji mtaalamu. Huyo anaweza kustawi mahali popote penye mwalimu aliye tayari kukaa naye na kushirikiana na mtaalamu wake, kwa hiyo mchagulie mwalimu kabla ya njia.

Kenya ni tofauti?

Kidogo. Mtaala wa umahiri una PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya awali, kisha Gredi ya 1, na tathmini ya kitaifa inakuja Gredi ya 6. Mtoto wa Montessori kwa kawaida humaliza mzunguko wake wa miaka mitatu wakati wenzake wanatoka PP2. Uliza kama shule itamwandikisha rasmi kama mwanafunzi wa PP1 na PP2, ili Gredi ya 1 asije akaambiwa hana kumbukumbu. Viboko vimekatazwa na sheria, ikiwemo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013.

Siwezi kulipia. Nifanye nini nyumbani?

Anza na maji. Jagi dogo la nusu lita, vikombe viwili, sinia na kitambaa. Onyesha mara moja, polepole, bila kusema sana, mwachie, akimwaga, mwonyeshe kitambaa. Kisha kumenya ndizi, kukunja leso, kuchambua maharage. Kazi ya maharage isimamie mwenyewe, kwa sababu mtoto wa miaka 3 huyaweka puani.

Herufi za msasa unaweza kuzitengeneza Jumamosi moja. Nunua msasa laini, namba 120 hadi 180, duka la vifaa vya ujenzi. Chora herufi upande wa nyuma, ikiwa imegeuzwa kushoto kulia, la sivyo ukiigeuza itasomeka kinyume. Hilo ndilo kosa la kila mtu. Ikate kwa mkasi usioupenda, maana msasa huua makali. Gundisha kwenye kadi ngumu za sentimita 12 kwa 15, vokali kwenye buluu, konsonanti kwenye waridi, na uziache chini ya vitabu vizito usiku kucha zisikunjamane.

Fundisha mbili tu kwa siku, zisizofanana kwa sauti wala kwa umbo: a na m zinafaa, b na d zitamvuruga. Hatua ya kwanza unapitisha vidole na kutamka: "Hii ni mmm." Ya pili unaagiza: "Nipe mmm. Iweke mmm mlangoni." Ya tatu unauliza: "Hii ni nini?" Watu hukimbilia hatua ya tatu, mtoto anashindwa, anaanza kukwepa kadi. Kaa kwenye ya pili muda mrefu, kwa mchezo. Akikosea hapo, rudi ya kwanza bila kumwambia kwamba amekosea, na mkikosa tena funga kadi mpaka kesho.